Sauti Isiyongoja Jibu

Mzee ameketi sakafuni, blanketi mabegani, kofia ya sufu kichwani, rimoti mkononi. Mbele yake kuna televisheni ndogo. Ndevu zimejaa mvi. Anayeonekana kwenye televisheni ile ni yeye mwenyewe: Osama bin Laden anamtazama Osama bin Laden. Mkanda huo ulichukuliwa na makomando wa Marekani katika nyumba ya Abbottabad, Pakistan, usiku waliomuua, tarehe 2 Mei 2011. Siku chache baadaye serikali yao iliwaonyesha waandishi wa habari mkanda huo, pamoja na mingine ambayo alikuwa akijirekodi ili itangazwe. Katika hiyo ya kutangazwa, ndevu ni nyeusi tii. Zimepakwa rangi.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwanzoni mwa 1991, polisi wa Peru walivamia nyumba moja mjini Lima na kukuta mkanda wa aina hiyohiyo. Watu wamekunywa, wanacheza muziki wa Kigiriki wa ile sinema ya Zorba, na kati yao yumo mwanamume mnene mwenye miwani na ndevu, anayumba. Huyo alikuwa Abimael Guzmán, mkuu wa Sendero Luminoso, Njia Ing'aayo. Kwa zaidi ya miaka 10 taifa zima lilikuwa likiuawa kwa amri yake bila kumwona. Wengine waliamini amekwisha kufa. Mkanda ulipoonyeshwa, Waperu waliona kwamba yule waliyemwogopa kama pepo ana kitambi na hachezi vizuri.

Ninaziweka picha hizi mbili pamoja kwa kuwa ndizo picha ambazo viongozi hawa hawakutaka tuzione. Nyingine zote walizichagua wenyewe: pembe ya kamera, vazi, bunduki iliyoegemezwa ukutani, rafu ya vitabu nyuma ya kichwa. Tumezoea kusema kwamba magaidi ni mabingwa wa vyombo vya habari, kana kwamba walibuni jambo. Nikiwasoma kama mhakiki wa fasihi anavyosoma watunzi, sioni ubunifu mkubwa. Naona uazimaji. Kiongozi wa ugaidi huchukua chombo ambacho watu wake tayari wanakiamini, iwe shairi, waraka, mawaidha, darasa la profesa, baraza la kijiji au mashindano ya kusoma Quran, kisha hukitoa kitu kimoja tu kilichomo ndani: nafasi ya kujibiwa.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima hasara hiyo vizuri, maana kwetu neno likitoka hungojewa mwenzake. Hata salamu yetu ni swali. Mwenye kubisha hodi husimama mlangoni mpaka asikie karibu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi ya kuwarushia Waamu maneno makali, na washairi wa Lamu wakamrudishia kwa bahari ileile. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Tanganyika mwaka 1923, kurasa zake za mashairi ziligeuka uwanja: mmoja anauliza fumbo mwezi huu, wengine wanalifumbua miezi ijayo. Na sheikh anayetoa darsa baina ya Magharibi na Isha anajua kwamba akimaliza, vijikaratasi vya maswali vitapitishwa kutoka nyuma hadi mbele, na vingine vitamkera.

Waarabu nao wanayo mila hiyo, tena ya kale zaidi. Katika zama za Bani Umayya, Jarir na al-Farazdaq walitukanana kwa mashairi kwa miongo kadhaa, kila mmoja akilazimika kufuata mizani na kina cha mwenzake, na watu wa Basra wakimiminika sokoni Mirbad kusikia nani kamshinda nani. Shairi lisilojibiwa lilikuwa shairi lililodharauliwa.

Sasa mtazame bin Laden. Mwaka 1996 alitangaza vita dhidi ya Marekani kwa waraka mrefu uliochapwa na al-Quds al-Arabi, gazeti la Kiarabu la London. Waraka ule umepambwa kwa aya, hadithi na beti za mashairi. Msomaji asiyejua kilichofuata angedhani ni kazi ya mwanachuoni fulani wa karne zilizopita anayemwandikia sultani nasaha. Februari 1998 gazeti hilohilo lilichapa tangazo lake la pili, safari hii akiwa na wenzake, likihalalisha kuwaua Wamarekani popote walipo, raia kwa askari.

Miezi 6 baadaye, tarehe 7 Agosti 1998, yalilipuka mabomu kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 224: 213 Nairobi, 11 Dar es Salaam. Waraka uliandikwa kwa Kiarabu, ukachapwa London, ukaelekezwa Washington. Waliokufa wengi walikuwa Wakenya: makarani, wanafunzi wa uhazili katika jengo la Ufundi lililoporomoka kando ya ubalozi, abiria waliokuwa ndani ya basi barabarani. Hawakuwa wameandikiwa. Walikuwa karatasi ambayo barua ya mtu mwingine iliandikwa juu yake. Nimejaribu mara nyingi kutafuta namna ya upole zaidi ya kulisema hili, na sikuipata.

Januari 2001, katika harusi ya mwanawe mjini Kandahar, bin Laden alisimama akasoma shairi la kusifu shambulio la meli ya kivita USS Cole, lililoua mabaharia 17 wa Marekani bandarini Aden miezi michache kabla. Kamera ilikuwepo, na watazamaji wa Al Jazeera wakaliona. Tazama jinsi vyombo vilivyopangwa: harusi, ambako Mwarabu yeyote hutarajia shairi, baba wa bwana harusi, ambaye ndiye mwenye haki ya kusema, na mashairi ya kishujaa, ambayo watoto hukariri shuleni. Kilichokosekana ni al-Farazdaq. Katika mkusanyiko ule hapakuwa na mtu wa kusimama na kuuliza, kwa kina kilekile, mabaharia wale walikuwa watoto wa nani.

Mtafiti wa Kimarekani Flagg Miller alichunguza kaseti zaidi ya 1,500 zilizopatikana Kandahar katika nyumba iliyowahi kutumiwa na bin Laden. Alikuta humo sauti za wazungumzaji zaidi ya 200: mahubiri, mashairi, mijadala, mabishano marefu kuhusu nani adui na kwa nini, na wengi kati yao walikuwa wakiwalaumu watawala wao wa Kiarabu kuliko Marekani. Kwa hiyo chumbani mlikuwa na zogo, na bin Laden alilijua zogo hilo. Alichopeleka kwenye televisheni ni sauti moja tu, pole, isiyokatizwa. Wengi wetu tunakumbuka upole ule. Ulitisha kuliko kelele.

Na televisheni zilimsaidia, kwa sababu ya jinsi kazi ya habari inavyokwenda. Mkanda wake wa tarehe 7 Oktoba 2001 ulirushwa siku ileile Marekani ilipoanza kuishambulia Afghanistan. Ule wa tarehe 29 Oktoba 2004 ulitoka siku 4 kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Mhariri gani angeuacha? Serikali zilijibu kwa kuziba. Siku 3 baada ya mkanda wa kwanza, Condoleezza Rice, mshauri wa rais wa Marekani wa usalama wa taifa, aliviomba vituo vikuu vya televisheni vya Marekani visirushe mikanda hiyo bila kuihariri, navyo vikakubali. Ile ya Abbottabad ilitolewa ikiwa bubu, sauti imeondolewa, ili ujumbe usienezwe. Waingereza walikwenda mbali zaidi na wakaishia pabaya. Kati ya 1988 na 1994 walipiga marufuku redioni na kwenye televisheni sauti za makundi ya silaha ya Ireland ya Kaskazini na za wanasiasa wa Sinn Féin. Vituo vikawaajiri waigizaji wasome maneno yaleyale juu ya picha za wenyewe. Kuziba mdomo ni kuiga ugonjwa wenyewe: msemaji hataki jibu, na serikali inaondoa usemi.

Guzmán hakuwa mshairi. Alikuwa mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Huamanga, Ayacucho, nyanda za juu za Andes ambako watu wengi husema Kiquechua. Chombo alichokiazima kilikuwa darasa. Katika jimbo maskini, ambako mtoto wa mkulima akifika chuo kikuu ni fahari ya kijiji kizima, neno la profesa lilikuwa na uzito wa neno la padri. Vijana hao walipomaliza masomo walirudi vijijini kuwa walimu, wakiwa wamebeba Kihispania cha vitabu na majibu ya kila swali. Katika michoro ya chama yeye hayuko vitani. Amevaa suti na miwani, kitabu mkononi.

Vita vyake vilianza tarehe 17 Mei 1980, mkesha wa uchaguzi wa kwanza baada ya miaka 12 ya utawala wa kijeshi. Katika kijiji cha Chuschi, wafuasi wake walichoma masanduku ya kura. Wanahistoria wa Peru hulitaja tukio hilo kama mwanzo mdogo wa jambo kubwa. Kwangu mimi lilikuwa jambo kubwa tangu mwanzo. Sanduku la kura ni chombo cha kupokea majibu, na ndicho walichokichoma kwanza. Kisha wakaja kwenye baraza la kijiji. Jamii za Andes zina mikutano yao ambamo ardhi, maji na migogoro hujadiliwa mpaka watu wachoke. Sendero wakawaua wazee waliosimamia mabaraza hayo, na mahali pake wakaleta kesi za umma. Watu walikusanywa uwanjani vilevile, mshtakiwa akasimamishwa katikati vilevile, na umati ukaulizwa kama anastahili kufa. Swali liliulizwa kwa mitutu ya bunduki. Umbo la baraza lilibaki, roho yake ikatolewa.

Mwenyewe alinyamaza. Julai 1988 ndipo gazeti la El Diario, lililokuwa upande wake, lilipochapa mahojiano marefu naye, yakauzwa kwa jina la mahojiano ya karne. Mahojiano ni umbo la kujibizana, lakini soma yale uone: kila swali linamtandikia njia, halimzuii hata hatua moja. Humo ndimo alimokiri bila kusitasita mauaji ya Lucanamarca ya Aprili 1983, ambako wanakijiji 69 waliuawa, watoto wakiwemo, akayaeleza kama fundisho lililopaswa kutolewa. Na jibu pekee alilotaka kutoka kwa wafuasi wake lilikuwa barua ya utii: kila mwanachama aliandika kwamba anajisalimisha kwa Rais Gonzalo, jina la Guzmán ndani ya chama, na fikra zake. Alikamatwa Septemba 1992 bila risasi kulia, katika nyumba ya Lima yenye studio ya kufundishia baleti chini. Serikali ilimwonyesha hadharani ndani ya kizimba cha chuma, amevaa sare ya mistari, akipiga kelele. Alifia gerezani mwaka 2021.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Peru ilikadiria mwaka 2003 kwamba vita vile viliua watu wapatao 69,000, na kwamba Sendero ndio waliosababisha zaidi ya nusu ya vifo. Robo tatu ya waliokufa lugha yao ya mama ilikuwa Kiquechua au lugha nyingine ya wenyeji. Nyaraka za profesa zilikuwa kwa Kihispania.

Sasa nije karibu na nyumbani. Wasomali wamelea ushairi wa kujibizana kuliko taifa lolote ninalolijua. Mnamo 1979 mshairi Gaarriye alitoa shairi la kupinga ukabila, Hadraawi akaingia, wakafuata washairi kwa makumi, wote wakishika herufi moja ya urari, d, ndiyo maana mnyororo ule ukaitwa Deelley. Ulisafiri kwa kaseti, chini ya utawala wa kijeshi uliokuwa ukiogopa kila ubeti. Kaseti moja iliita nyingine. Ahmed Godane, aliyeiongoza al-Shabaab mpaka alipouawa Septemba 2014, alizaliwa katika mila hiyo, naye pia akazungumza kwa kaseti na faili za sauti akiwa mafichoni. Teknolojia ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba ukiijibu kaseti ya Godane unauawa.

Aprili 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam waliviamuru vituo vya redio vya Mogadishu viache muziki. Vingine vikajaza nafasi kwa milio ya wanyama na mawimbi. Mwezi huohuo al-Shabaab walipiga marufuku matangazo ya BBC na kuchukua mitambo yake. Baada ya Ramadhani ya 2011, redio yao ya Andalus iliwapa watoto washindi wa mashindano ya Quran zawadi zao: wa kwanza na wa pili bunduki za AK-47 pamoja na fedha, wa tatu maguruneti mawili na fedha. Yeyote aliyekulia pwani anajua mashindano hayo maana yake nini: mtoto kwenye kipaza sauti, mama nyuma ya pazia anapumua kwa shida, majaji wanasahihisha tajwidi. Kusahihishwa ndiyo roho ya mashindano. Hapo palibaki kipaza sauti na zawadi.

Mtu atanipinga kwa kutaja Twitter, na ana haki. Mwishoni mwa 2011, msemaji wa jeshi la Kenya, Meja Emmanuel Chirchir, alitangaza kwenye mtandao huo kwamba misafara mikubwa ya punda itahesabiwa kuwa ya al-Shabaab. Al-Shabaab, waliofungua akaunti yao ya Kiingereza muda mfupi baadaye, wakamjibu kwa kejeli, na dunia ikafurahia malumbano. Je, huko si kujibizana? Naona hapana. Walimjibu meja kwa sababu meja naye alikuwa msemaji wa kundi lenye bunduki. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi lilipovamiwa na watu 67 wakauawa, akaunti ile iliandika saa baada ya saa, ikifungwa inafunguliwa nyingine. Ndugu waliokuwa nje wakitafuta habari za watu wao hawakujibiwa na yeyote.

Kwa Kiswahili chombo kilikuwa jarida. Mwaka 2012 lilianza kusambazwa mtandaoni Gaidi Mtaani, lenye tahariri, makala na picha, Kiswahili kikichanganywa na Kiingereza. Jina lenyewe lastahili kusomwa taratibu. Gaidi katika Kiswahili cha zamani ni mnyang'anyi mwenye silaha avamiaye wasafiri. Hakuna mzazi aliyewahi kumpa mtoto wake sifa hiyo. Mtaani ni neno la nyumbani, la vijana, la mahali ambapo kila mtu anakujua. Kuyaunganisha maneno hayo mawili ni kumwambia kijana wa Majengo aliyesimamishwa na polisi mara 10 kwamba: wamekwisha kukuita hivyo, basi livae. Hapo ndipo propaganda ilipokuwa na akili, kwa sababu ilianzia kwenye malalamiko ya kweli. Lakini lilinganishe na kijikaratasi cha Abdilatif Abdalla cha mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, kilichomtia jela miaka 3. Nacho kilizaliwa na hasira dhidi ya serikali. Kichwa chake, hata hivyo, kina alama ya kuuliza. Kinamwachia msomaji njia. Jarida lile lilikwisha kumwamulia.

Kosa letu ni kwamba hatukujibu pale tulipoweza. Mihadhara ya Sheikh Aboud Rogo ilisikilizwa Mombasa na kwingineko kwa CD na mtandaoni. Julai 2012 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo kwa madai ya kuisaidia al-Shabaab. Mahakama za Kenya zilikuwa zimemwachia mwaka 2005 katika kesi ya bomu la Kikambala. Tarehe 27 Agosti 2012 aliuawa kwa risasi barabarani, ndani ya gari pamoja na familia yake. Polisi walikana kuhusika, na hakuna aliyehukumiwa. Mji ukawaka moto kwa siku kadhaa. Mtu ambaye hoja zake zingeweza kubishwa mahakamani na misikitini akageuzwa sauti isiyoweza kuulizwa tena, na mihadhara yake ikazidi kusikilizwa. Juni 2014 Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, aliyesimama wazi kuwapinga vijana wenye siasa kali, naye alipigwa risasi Mombasa na watu wasiojulikana.

Kila ninapomfikiria sheikh huyo namkumbuka María Elena Moyano, naibu meya wa Villa El Salvador, kitongoji cha maskini kusini mwa Lima, ambako wanawake waliendesha majiko ya pamoja na mgawo wa maziwa kwa watoto. Sendero walimshutumu kwa vipeperushi. Akawajibu hadharani, kwa jina lake. Februari 1992 walipoitisha mgomo wa silaha, alitoka na bendera nyeupe kuandamana. Kesho yake, tarehe 15, walimpiga risasi mbele ya wanawe, kisha wakaulipua mwili wake kwa baruti. Alikuwa na miaka 33. Profesa aliyekuwa na jibu la kila swali hakuwa na jibu la mwanamke mwenye sufuria la uji.

Aprili 2002 Tume ya Ukweli ilifungua vikao vyake vya hadhara mjini Huamanga, mji wa chuo kikuu cha Guzmán. Wanawake wa vijijini walikaa mbele ya kamera, wakasema kwa Kiquechua, na nchi nzima ikalazimika kungoja tafsiri. Wachoraji wa kijiji cha Sarhua nao walikuwa wameanza zamani kuchora miaka ile kwenye mbao, kwa mtindo ambao mababu zao waliutumia kumchorea jirani boriti ya nyumba mpya. Mfululizo wao mmoja unaitwa Piraq Causa, yaani Nani Msababishi? Mbao zile zimewachora Sendero na zimewachora askari wa serikali.

Na hapa kwetu, Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, al-Shabaab walitoa tamko lao kama kawaida na serikali ikatoa hesabu: waliouawa ni 147, baadaye 148. Wakenya waliikataa hesabu isiyo na watu. Mtandaoni, palepale ambapo Westgate ilikuwa imetangazwa na wauaji, walianza kuweka jina moja moja na picha yake: huyu alikuwa mwaka wa pili, anasomea ualimu, huyu ndiye wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, huyu alimpigia mama yake simu asubuhi ile.